Adrian Stoop: Katibu aliyeijenga Harlequins, klabu ya raga iliyodumu zaidi ya miaka 150

Wapenzi wa soka wa Morogoro wenye umri mkubwa bado wanaitaja Mseto. Mwaka 1975 timu hiyo ya mji wetu ilitwaa ubingwa wa taifa. Leo kijana wa Kihonda aliyezaliwa miaka ya 2000 anaijua kwa kusimuliwa tu. Hata huko vijijini, Mgeta, Matombo au Mkuyuni, kila mzee anaweza kukutajia timu moja au mbili zilizowahi kutikisa kombe la mbuzi kisha zikapotea. Jezi zikachakaa, mfadhili akahama, uwanja ukalimwa mahindi, na habari ikaishia hapo.

Kwa nini klabu moja inakufa na nyingine inadumu? Tutatafuta jibu mbali kidogo, katika maisha ya Mwingereza mmoja aliyeitwa Adrian Stoop, aliyefariki mwaka 1957. Jina lake hutamkwa Stuup. Hakuwa mchezaji wa soka bali wa raga, na klabu yake, Harlequins ya London, ilianzishwa mwaka 1866. Imepita vita kuu mbili, imehamahama viwanja, imewahi kujiaibisha mbele ya dunia nzima, na hadi leo inacheza. Tena ina ndugu yake hapa Afrika Mashariki, jijini Nairobi, na habari ya huyo ndugu tutaifikia.

Raga ni mchezo gani

Kwa msikilizaji ambaye hajawahi kuiona raga, tuanze na maelezo mafupi. Mpira wake una umbo la yai. Kila timu ina wachezaji 15. Wanaruhusiwa kuushika mpira kwa mikono na kukimbia nao, na wapinzani wanaruhusiwa kumkamata mwenye mpira na kumwangusha chini. Sharti moja humshangaza kila mgeni: ukitaka kumpa mwenzako mpira kwa mkono, ni lazima umrushie upande au nyuma, kamwe si mbele. Kwa hiyo timu inasonga mbele huku mpira ukirushwa nyuma.

Mchezaji akiuvusha mpira mstari wa mwisho wa wapinzani na kuugusisha ardhini, amefunga trai. Siku hizi trai ina pointi 5, na baada yake timu hupewa nafasi ya kupiga mpira upite juu kati ya milingoti miwili kwa pointi 2 zaidi. Enzi za Stoop trai ilikuwa na pointi 3.

Wachezaji wamegawanyika makundi mawili. Mbele wako wale wazito, wanane, wanaosukumana na wapinzani kugombea mpira. Nyuma wako wepesi, wenye mbio. Katikati ya makundi hayo wako wawili wanaoyaunganisha, mfano wa viungo katika soka. Wawili hawa tuwakumbuke, maana jina la Stoop linahusiana nao sana.

Mchezo wenyewe ulipata jina lake kutoka Rugby, mji wa Uingereza wenye shule maarufu ya bweni. Wanafunzi wa shule hiyo waliandika sheria za mchezo wao mwaka 1845, na walipomaliza masomo wakausambaza. Shule hiyo ina uzi unaoifunga na mkoa wetu. Frederick Selous, mwindaji ambaye jina lake lilipewa pori la akiba la Selous mwaka 1922, alisoma hapo miaka ya 1860. Aliuawa vitani Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, akazikwa huko huko. Wakazi wa Kisaki wanalijua jina hilo, ingawa tangu mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Stoop aliingia shule hiyo hiyo miaka 30 hivi baada ya Selous.

Mtoto wa nyumba yenye uwezo

Adrian Dura Stoop alizaliwa London tarehe 27 Machi 1883. Baba yake alikuwa na asili ya Uholanzi, mtu wa biashara na mwenye mali. Kwa hiyo Adrian hakukulia katika shida. Kutoka shule ya Rugby alikwenda Chuo Kikuu cha Oxford, akaichezea timu ya chuo. Baadaye alisomea sheria. Ndugu yake, Frederick, naye alicheza raga hadi kufika timu ya taifa.

Jambo hili la mali tusilipite haraka, kwa sababu ndilo lililomwezesha Stoop kuitumikia klabu miaka mingi bila kulipwa. Wakati huo raga ya Uingereza ilikataza kabisa mchezaji kupokea fedha. Mtu mwenye mali aliweza kuishi na katazo hilo bila kuumia. Mchimba makaa au mfanyakazi wa kiwanda hakuweza, na hilo tutalirudia baadaye.

Klabu isiyokuwa na uwanja

Klabu ambayo Stoop aliijia mwanzoni mwa miaka ya 1900 ilikuwa na historia lakini haikuwa na makao. Ilianza mwaka 1866 kwa jina la Hampstead, mtaa mmoja wa London. Miaka michache baadaye wanachama walikuwa wanatoka sehemu mbalimbali, na jina la mtaa halikuwafaa tena. Lakini nguo zao zilikuwa zimekwisha kushonwa herufi ya H, na hawakutaka kuingia gharama mpya. Masimulizi ya klabu yanasema walifungua kamusi wakatafuta neno linaloanza na herufi hiyo hiyo, wakalipata Harlequin. Huyo ni mchekeshaji wa maigizo ya kale ya Kiitalia, anayevaa nguo ya viraka vya rangi nyingi. Tangu mwaka 1870 klabu ikaitwa hivyo, na jezi zake hadi leo zina rangi nyingi zilizogawanywa vipande vipande. Kwa sisi wa Morogoro, tuliokuwa na timu iliyoitwa Mseto, jina la namna hiyo si geni.

Tarehe 26 Januari 1871 klabu 21 zilikutana London na kuunda chama cha raga cha Uingereza. Harlequins walikuwa miongoni mwao. Hata hivyo kuwa mwanachama mwanzilishi hakukuwapa ardhi. Kwa miaka 40 ya kwanza klabu ilihama kutoka uwanja hadi uwanja, na kumbukumbu zake zinataja viwanja 15. Kila walipozoea mahali, mkataba uliisha au mwenye ardhi alikuwa na mipango mingine. Timu yoyote ya kijijini inayocheza kwenye eneo la kuazima inaijua hali hiyo.

Nahodha aliyeshika pia daftari

Stoop alianza kuichezea Harlequins akiwa kijana mdogo sana. Mwezi Machi 1905, akiwa na miaka 21, alicheza mechi yake ya kwanza ya timu ya taifa ya Uingereza, dhidi ya Skotlandi. Hadi mwaka 1912 alikuwa ameichezea nchi yake mara 15.

Lakini kwenye klabu alifanya zaidi ya kucheza. Akiwa bado katika umri wa miaka ya ishirini alikuwa nahodha, na pia katibu. Katibu wa klabu ndiye anayeandika barua za kuomba mechi, anayehakikisha wachezaji wanafika, anayefuatilia uwanja, anayejua nani amelipa ada na nani hajalipa. Ni kazi isiyopigiwa makofi. Nahodha wengi huikwepa, Stoop aliishika mwenyewe.

Alikuwa mkali kuhusu mazoezi. Katika raga ya matajiri wa London, wachezaji wengi waliona kujiandaa sana ni kukosa adabu ya mchezo: bwana anakuja Jumamosi, anacheza, anarudi nyumbani. Stoop hakukubali. Alitaka watu wawe na pumzi, wajue kupokea na kurusha mpira wakiwa katika mbio kamili, na wafikiri kabla mpira haujawafikia. Wengine walimwona msumbufu. Kwa vipindi fulani hata wateuzi wa timu ya taifa walimwacha nje.

Viungo wawili, kazi mbili

Sasa turudi kwa wale viungo wawili. Kabla ya Stoop, timu nyingi za Uingereza ziliwagawa kwa upande: mmoja kushoto, mwingine kulia. Mpira ukitoka upande wako, wewe ndiye unaufuata na kuuchukua, na mwenzako anakuwa msaidizi. Mpira ukitoka upande wa pili, mnabadilishana. Kwa namna hiyo hakuna aliyekuwa fundi wa kazi moja.

Stoop aliwapa kazi tofauti. Mmoja akae karibu na wale wazito siku zote, auchukue mpira unapotoka na kuurusha haraka. Mwingine asimame mbali kidogo, mahali pa kuona uwanja mzima, aupokee akiwa tayari katika mwendo, kisha aamue: akimbie, arushe, au apige kwa mguu. Yeye mwenyewe alichukua nafasi hiyo ya pili, ya mwamuzi wa mashambulizi.

Haikuwa fikra yake peke yake. Wales walikuwa wanacheza raga ya akili kuliko Waingereza, na New Zealand walipozuru Uingereza na nchi jirani mwaka 1905 walionyesha faida ya kila mtu kuwa na kazi yake. Ziara hiyo walipoteza mechi moja tu, dhidi ya Wales, na Uingereza waliifunga 15 kwa 0. Alichofanya Stoop ni kuliona somo, kulifanyia kazi klabuni kwake wiki baada ya wiki, na kulipeleka timu ya taifa. Leo popote raga inapochezwa duniani, viungo hao wawili wana kazi mbili tofauti.

Shamba la kabichi

Mwaka 1907 chama cha raga cha Uingereza kilinunua eneo la ekari kumi hivi huko Twickenham, nje ya katikati ya London. Mjumbe mmoja wa kamati, Billy Williams, ndiye aliyelitafuta. Watu walicheka. Palikuwa mbali, na ardhi ilikuwa ya bustani za mboga. Wakaupa uwanja jina la utani, shamba la kabichi la Billy Williams. Mkulima wa Mgeta atacheka kwa sababu nyingine: anajua shamba la kabichi linaweza kumtoa mtu.

Chama kilikuwa na uwanja lakini hakikuwa na mechi za kutosha kuutumia mwaka mzima. Harlequins walikuwa na timu lakini hawakuwa na uwanja. Wakakubaliana. Tarehe 2 Oktoba 1909 mechi ya kwanza kabisa kuchezwa Twickenham iliwakutanisha Harlequins na Richmond, klabu nyingine ya London. Harlequins walishinda 14 kwa 10. Kuhamahama kwa miaka 40 kulikoma.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 15 Januari 1910, Uingereza ilicheza na Wales, mechi ya kwanza ya kimataifa uwanjani hapo. Nahodha wa Uingereza alikuwa Stoop. Uingereza haikuwa imeifunga Wales tangu mwaka 1898. Wales walianzisha mpira kwa kuupiga mbali, na ukamfikia Stoop. Desturi ya wakati ule ilikuwa kuurudisha kwa mguu hadi nje ya uwanja, salama. Stoop hakupiga. Alikimbia nao, akavuka katikati ya wapinzani waliokuwa hawajajipanga, na mpira ukapita mkono hadi mkono mpaka kwa Fred Chapman, aliyefunga trai pembeni. Watu wengine walikuwa bado wanaingia uwanjani. Mechi iliisha 11 kwa 6 kwa faida ya Uingereza, na mwaka huo ilitwaa ubingwa wa mataifa matano: Uingereza, Skotlandi, Ayalandi, Wales na Ufaransa.

Vita vilivyochukua nusu ya kizazi

Mwezi Agosti 1914 Vita vya Kwanza vya Dunia vilianza. Tunavijua hapa: majeshi ya Waingereza yaliingia Morogoro mwezi Agosti 1916 yakiwafukuza Wajerumani, na maelfu ya Waafrika walikufa wakiwa wapagazi wa pande zote mbili, wengi bila hata majina yao kuandikwa.

Ulaya, vijana wa klabu za raga walijiandikisha jeshini mapema. Wawili kati ya wenzake Stoop waonyeshe hasara yenyewe. Douglas Lambert, aliyefunga trai 5 katika mechi yake ya kwanza ya taifa mwaka 1907, aliuawa Ufaransa mwezi Oktoba 1915. Ronald Poulton Palmer, nahodha wa Uingereza mwaka 1914, aliyesoma Rugby na Oxford kama Stoop na kucheza naye Harlequins, alipigwa risasi Ubelgiji tarehe 5 Mei 1915. Alikuwa na miaka 25.

Stoop mwenyewe alipelekwa Mesopotamia, nchi ambayo leo ni Iraki. Alipigana, akatunukiwa nishani ya Msalaba wa Kijeshi, akarudi hai. Lakini aliporudi London, klabu aliyoiacha haikuwapo tena kama alivyoiacha. Uwanja ulikuwapo, jina lilikuwapo, wachezaji hawakuwapo.

Hapa ndipo klabu nyingi hufa. Kizazi kinaondoka, na hakuna anayekumbuka mambo yalikuwa yanaendeshwaje. Harlequins ilinusurika kwa sababu mtu aliyejua kila kitu, kuanzia barua hadi mazoezi, alirudi na kukaa chini kuanza upya.

Rais wa miaka 29

Kuanzia mwaka 1920 Stoop alikuwa rais wa klabu, na aliendelea hadi mwaka 1949. Kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho alifanya pia kazi ya ukatibu. Mwaka 1932 alichaguliwa kuwa rais wa chama cha raga cha Uingereza nzima. Vijana wapya walikuja, akiwemo Wavell Wakefield, mmoja wa wachezaji wakubwa wa miaka ya 1920, ambaye ndiye aliyempokea Stoop urais wa klabu.

Mwaka 1926 yalianzishwa mashindano ya raga ya watu saba kila upande huko Twickenham, yakiitwa Middlesex. Raga ya saba ilibuniwa Melrose, Skotlandi, mwaka 1883, ili klabu ndogo ipate fedha kwa kuchezesha mechi fupi nyingi siku moja. Harlequins walitwaa kombe la Middlesex miaka minne mfululizo, 1926 hadi 1929. Mchezo wa saba unadai mbio, kurusha mpira kwa usahihi, na kuamua haraka, mambo yale yale Stoop aliyokuwa akiyadai tangu ujana wake. Aina hii ya raga ndiyo ambayo baadaye iliitangaza Afrika Mashariki duniani.

Mlango uliofungwa

Maisha ya mtu hayaelezwi kwa sifa tupu. Klabu aliyoijenga Stoop ilikuwa ya watu wa daraja moja. Wengi walitoka shule za gharama na vyuo vya Oxford na Cambridge.

Mwaka 1895, Stoop akiwa mtoto wa miaka 12, raga ya Uingereza ilipasuka. Kaskazini mwa nchi wachezaji wengi walikuwa wafanyakazi wa viwanda na migodi. Walipocheza walikosa ujira wa siku, wakaomba walipwe fidia ya ule ujira tu. Viongozi wa kusini walikataa. Mwezi Agosti mwaka huo klabu za kaskazini zilikutana katika mji wa Huddersfield, zikajitenga na kuunda raga yao, ambayo leo ina wachezaji 13 kila upande. Mgawanyiko huo haujaungwa hadi leo. Harlequins walibaki upande wa waliokataa, na Stoop alidumu maisha yake yote ndani ya chama kilichoshikilia kwamba mchezo usilipwe. Katazo hilo liliondolewa mwaka 1995, miaka 38 baada ya kifo chake.

Kwa hiyo kujitolea kwa Stoop kuna pande mbili. Alitoa muda wake na fedha zake bila kudai chochote, na hilo lilikuwa jema. Lakini utaratibu uliomfanya aonekane mkarimu ndio uliomfungia nje maskini mwenye kipaji.

Ndugu wa Nairobi

Mwaka 1952, Stoop akiwa mzee wa karibu miaka 70, klabu iliyoitwa Kenya Harlequin ilianzishwa Nairobi. Ilichukua jina la klabu ya London na mpaka sasa inahesabiwa kuwa ndugu yake, kama zilivyo klabu nyingine za jina hilo Afrika Kusini, Australia na Marekani.

Mwaka wenyewe ulikuwa mzito. Mwezi Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari Kenya kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Raga ya wakati huo ilikuwa ya Wazungu. Ilichezwa katika klabu zao na shule zao, kama Prince of Wales na Duke of York, ambazo leo ni Nairobi School na Lenana. Chama cha raga cha Afrika Mashariki, kilichojumuisha Kenya, Uganda na Tanganyika, kilijenga uwanja wake kando ya barabara ya Ngong, na mwaka 1955 timu ya pamoja ya Uingereza, Skotlandi, Wales na Ayalandi ilicheza hapo na timu ya Afrika Mashariki. Mwafrika aliyekuwapo uwanjani siku hizo alikuwa mtu wa kazi, si mchezaji.

Baada ya uhuru wa Kenya mwaka 1963 wanafunzi Waafrika waliingia katika zile shule, wakaukuta mchezo na kuuchukua. Mwaka 1977 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliunda timu ya Mean Machine, na mwaka huo huo Mwamba ikaanzishwa kuwa klabu ya wachezaji Waafrika. Kenya Harlequin nayo ilibadilika. Klabu iliyoanzishwa na walowezi ikawa ya Wakenya, bado inacheza kwenye uwanja ule wa barabara ya Ngong, na bado inalitumia jina la yule mchekeshaji wa viraka.

Mwaka 1996 yalianzishwa Nairobi mashindano ya Safari Sevens. Tarehe 17 Aprili 2016, huko Singapore, Kenya iliifunga Fiji 30 kwa 7 katika fainali na kutwaa kwa mara ya kwanza kombe la mzunguko wa dunia wa raga ya saba. Kwetu Tanzania raga haijaenea hivyo. Inachezwa zaidi Dar es Salaam na Arusha.

Baada ya kifo chake

Stoop alifariki tarehe 27 Novemba 1957, akiwa na miaka 74. Hakuwahi kuiona klabu yake ikiwa na ardhi yake yenyewe. Kwa miaka yote ile Twickenham, Harlequins walikuwa wapangaji wa chama. Mwaka 1963 klabu ilipata eneo la ekari 14 ng'ambo ya barabara, karibu kabisa na uwanja mkubwa, na wanachama wakalipa jina lake. Mpaka leo Harlequins wanacheza kwenye uwanja unaoitwa Stoop. Una viti karibu 15,000, na jirani yake, lile shamba la kabichi la zamani, unaingiza watu 82,000.

Jina la mtu mwema ukutani halizuii kosa. Mwezi Aprili 2009, katika mechi ya kombe la Ulaya dhidi ya Leinster ya Ayalandi, mchezaji wa Harlequins alitafuna kidonge cha damu ya bandia ili aonekane ameumia, timu ipate nafasi ya kubadilisha mchezaji. Udanganyifu ukagundulika. Kocha alifungiwa miaka 3 na klabu ikatozwa faini kubwa. Klabu hiyo hiyo ilisafisha nyumba, na mwaka 2012 ikawa bingwa wa Uingereza kwa mara ya kwanza katika historia yake. Mwaka 2021 ikawa bingwa tena. Ubingwa wa kwanza ulikuja miaka 146 baada ya kuanzishwa.

Hesabu hiyo ya miaka 146 inafaa kukumbukwa na yeyote anayeongoza timu ya mtaa au kijiji. Harlequins haikudumu kwa sababu ya vikombe. Ilidumu kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeandika barua, akatunza daftari, akatafuta mahali pa kudumu pa kuchezea, akafundisha wadogo, na vita vilipowamaliza wenzake akaanza upya. Alipochoka, alikuwapo wa kumpokea.

Wengi wetu hatuna mali ya baba yake Stoop. Lakini daftari la wanachama halihitaji utajiri, wala barua kwa serikali ya kijiji kuomba uwanja utengwe na kuandikwa rasmi kabla haujagawiwa viwanja vya nyumba. Kazi hiyo hupewa katibu. Timu yenu ikikutana tena, swali la kuuliza kabla ya lile la jezi ni hili: katibu ni nani, na akiondoka, daftari litabaki kwa nani?